Fedha za Utafiti na Kazi ya Kuwaponya Walionaswa na Unga
(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo halijapata kuwa na fungu lake katika hesabu za chama chetu. Kila mwaka husomwa hapa fedha za maziko, za karo na za wagonjwa. Vijana walionaswa na unga nao twawasaidia, lakini hatujapata kutenga hata senti moja ya kuuliza kama msaada huo wawafaa. Baadhi ya wazee wamesema: ya nini kulipia maswali, na hali mtoto analia kwa arosto? Neno hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu.

Tuanze na ya nyumbani. Huko Malindi, Omari Project ilianza kuwahudumia watumiaji wa heroini mwaka 1995. Kazi ilitangulia, hesabu zikafuata. Uchunguzi uliofanywa Nairobi mwaka 2011 ulionyesha kwamba, kati ya watu wajidungao dawa za kulevya, karibu mtu 1 katika kila 5 alikuwa na virusi vya UKIMWI. Hesabu za namna hiyo zilitia nguvu maombi ya tiba. Mwishoni mwa mwaka 2014 methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Malindi. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, na mgonjwa hupata utulivu wa kufanya kazi na kukaa na jamaa zake.

Methadoni yenyewe ilikubaliwa kwa njia hiyo hiyo. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walipotangaza mwaka 1965 kwamba yaweza kuwatibu walionaswa na heroini, walikuwa na wagonjwa 22 tu. Wagonjwa hao walikuwa wachache, lakini habari zao ziliandikwa na kufuatwa. Kwa hiyo uchache wetu usiwe udhuru.

Taabu ni kwamba fedha za utafiti huelekea zaidi vyuo vikuu na hospitali kubwa, na wale wakaao na wagonjwa mitaani mara nyingi huhojiwa tu, kisha wasahauliwe. Huko Marekani tatizo hili lilielezwa katika taarifa ya Institute of Medicine ya mwaka 1998. Mwaka uliofuata taasisi ya NIDA ilianzisha mtandao wa kuviunganisha vyuo vikuu na vituo vya tiba vya mitaani, ili tiba zijaribiwe pale pale anapotibiwa mgonjwa. Hapa Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na yataka mtafiti awe na leseni. Chama kama chetu hakiwezi kusimama peke yake mbele ya mlango huo. Yafaa tushikane na chuo kikuu au hospitali.

Lakini tutashikana nao tukiwa na nini mkononi? Kijana aliyepona huja kutushukuru, nasi hufurahi. Aliyerudia unga haji, nasi hatumwoni. Tukiwahesabu waliokuja tu, twajisifu bure, na pengine twaendelea kutoa msaada usiofaa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, huduma zilizoitegemea hapa Kenya zilitikisika. Siku kama hiyo, mwenye daftari safi aweza kubisha mlango mwingine. Asiye nalo hubaki na maneno.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, katika kila shilingi itolewayo kwa kazi hii, senti kumi ziwe za daftari: kila aliyesaidiwa aandikwe kwa nambari wala si kwa jina, kwa ridhaa yake, na aulizwe hali yake baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili, naye asiyeonekana atafutwe, na ahesabiwe. La pili, mtafiti yeyote atakayeshirikiana nasi aandike katika mkataba ujira wa wahudumu wetu. La tatu, aliyoyagundua ayarudishe hapa barazani, kwa Kiswahili, kabla hajayapeleka mbali.

Wazee wetu, hatuombi chakula cha mgonjwa kigeuzwe karatasi. Twaomba tujue ni mkono gani uliomwinua, ili mwenzake naye ashikwe kwa mkono huo. Mwiba uchomapo ndipo utokeapo, nao umewachoma watoto wetu wenyewe. Haifai tuwaachie wageni peke yao kuutafuta.