Kujitolea Ng'ambo ya Mpaka: Jitayarishe Kabla ya Safari



Wazazi wetu, na nyinyi vijana wenzangu wa Milimani na mitaa jirani. Kila Ramadhani wako vijana wanaotamani kwenda kufuturisha na kuhudumia wakimbizi nje ya Kenya. Chukua mfano wa Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalifunguliwa Agosti 2016 na yakapokea zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Sudan Kusini. Wenyeji wengi wa Yumbe ni Waislamu, basi kijana akifika hujiona yuko kwao. Nia ni njema, lakini nia haimfukuzi mbu.

Sisi wa Nakuru tunaishi mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu huizuia malaria, na miili yetu haikuizoea. Mtu mzima wa Yumbe ameugua mara nyingi tangu utotoni, mwili wake umejenga kinga kiasi. Wewe huna. Homa inayomlaza yeye siku mbili yaweza kukuua wewe.

Halafu tazameni saa. Mbu wa malaria huuma magharibi hadi alfajiri. Katika Ramadhani hizo ndizo saa tunazokuwa macho: futari, tarawehe, daku. Kwa hivyo vaa mikono mirefu na soksi, jipake dawa ya kufukuza mbu, lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Muulize daktari mapema kuhusu vidonge vya kinga, na uvimalize hata ukisharudi nyumbani.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi yake ni ya maisha, itunze. Waachie wazazi namba ya kiongozi wa msafara. Na ukizidiwa na joto au ugonjwa, usione haya kufungua. Msafiri na mgonjwa wameruhusiwa, watalipa baadaye.

La mwisho ndilo kubwa. Ukirudi ukashikwa na homa, hata baada ya wiki kadhaa, usiseme ni mafua ya baridi ya Nakuru. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari ulikotoka, upimwe damu. Usipomwambia, huenda asifikirie malaria kabisa.

Ndugu zangu, kitanda cha zahanati kule ni cha mkimbizi. Tusiende kumnyang'anya.

Wabillahi tawfiq.