Uliuza Ghala au Uliuza Kilo? Mhadhara juu ya Mauzo na Ushahidi katika Soko la Lusangi



Tarehe 30 Julai 1888, dola la mfalme Leopold wa Pili hapa Kongo lilitoa dikri ya mikataba. Siku hiyo Kasongo ilikuwa mikononi mwa Hamed bin Muhammed, mnayemjua kwa jina la Tippu Tip, na waungwana wake. Askari wa Dhanis, kamanda wa dola lile, hawakuuingia mji huo hadi Aprili 1893. Wazee wetu walikuwa wakiuziana mpunga na pembe za ndovu. Waliuza na binadamu pia, na jambo hilo tusilifiche. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa juu ya dikri ile. Lakini ndiyo inayotuhukumu hadi leo, kwa hiyo tuijue.

Msingi wake ni mwepesi. Mkishapatana kitu na bei, mauzo yamekamilika baina yenu, ijapokuwa falanga haijatoka mfukoni na mzigo haujatoka nyumbani. Kitu ni cha mnunuzi tangu hapo. Wengi hudhani mauzo huanza pesa ikishikwa, na hapo ndipo watu hupotea.

Tumchukue mama mmoja wa Lusangi. Jumanne mchuuzi amemjia, wamekubaliana bei ya mpunga, mchuuzi akasema atarudi Ijumaa na baiskeli. Alhamisi usiku mvua imeshuka, nyasi za paa zimevuja, asubuhi magunia yamelowa na punje zimeanza kuchipua. Hasara ni ya nani?

Jaji atamuuliza: mama, uliuza ghala au uliuza kilo? Akiwa ameonyesha magunia yale matano pale ukutani, akasema yote ni yako kwa bei hii, basi yamelowa yakiwa mali ya mnunuzi, na bei atalipa, maadamu mama aliyatunza kama inavyompasa. Lakini wakiwa wamepatana bei ya kila kopo, na kupima kungefanyika Ijumaa, hasara ni ya mama. Kitu kinachouzwa kwa kupimwa au kuhesabiwa hubaki katika hatari ya muuzaji mpaka kipimwe. Kopo lile la bati, lililobonyea ubavuni, ndilo linaloamua nani alie.

Kuna sheria nyingine juu ya hiyo. Tangu Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na wafanyabiashara wawili wanaouziana bidhaa huhukumiwa kwa sheria yake. Huko mali huhama mnunuzi anapopokea mzigo, na hatari huhama pamoja nayo. Kwa hiyo mpunga uleule, ukilowa baina ya wachuuzi wawili wa Kasongo mjini, ni hasara ya muuzaji hata kama waliuziana kwa jumla. Mkulima anayeuza mavuno ya shamba lake si mfanyabiashara. Yeye hubaki na dikri ya 1888.

Sasa mnunuzi amekana. Anasema hakufika Lusangi Jumanne. Dikri inasema anayedai ndiye mwenye kuthibitisha, na dai likipita kiasi fulani inataka maandishi; mashahidi peke yao hawatoshi. Mama zetu wengi huishia hapo, wakarudi nyumbani na uchungu. Wasirudi! Sheria ya biashara inakubali kila njia ya uthibitisho dhidi ya mfanyabiashara: jirani aliyesikia, ujumbe uliobaki katika simu, daftari la mchuuzi mwenyewe. Mama si mfanyabiashara, lakini huyo mchuuzi anayedaiwa naye ni mfanyabiashara. Yeye mchuuzi akitaka kumdai mama, ndiye atakayetakiwa maandishi. Naona hii ni haki kubwa, na inanihuzunisha kwamba hapa kwetu wenye kuihitaji ndio wasioijua.

Waislamu mlio hapa hili si geni kwenu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura ya Baqara, inahusu jambo hili hili: deni la muda liandikwe, mashahidi waitwe. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa kuandikwa, na hata hiyo watu wameambiwa washuhudishe wanapouziana. Tunaisoma misikitini, kisha tunakopeshana mbuzi mpaka mavuno kwa neno la mdomo tu, kwa kuogopa kumwaibisha ndugu. Kuandika hakumwaibishi ndugu. Kunamlinda yeye na watoto wake, siku mmoja wenu akifa.

Karatasi ya daftari la shule inatosha. Andikeni majina, kitu, idadi au kipimo, bei, siku ya kuchukua na siku ya kulipa. Wekeni sahihi, nakala mbili, kila mtu na yake. Asiyejua kuandika aweke kidole chenye wino mbele ya mashahidi wanaojua kusoma, nao waandike majina yao.

Na mwandike kwa Kiswahili. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 imekitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Hati ambayo mama hawezi kuisoma ni mtego kwake.

Walimu wa Lusangi, nawaomba: kabla mtoto hajamaliza darasa la sita, afundishwe kuandika hati ya mauzo ya gunia moja la mpunga, aipeleke nyumbani, amsomee mama yake.