Simu Iliyolala, Mnara Ulio Macho



Hapa Katonga, Kigoma, kando ya ziwa, mifukoni mwa watu waliokusanyika leo kwenye mahafali haya, simu nyingi zimelala. Simu isiyotumika huzima redio yake, huamka kila sekunde moja au mbili kusikiliza kama inaitwa, kisha hulala tena. Muda huo mtandao unajua tu kundi la minara ambamo simu imo. Mwenyewe akipiga au kutuma ujumbe, ndipo mnara uliomhudumia huandikwa kwenye kumbukumbu za malipo, na kuandikwa huko hakuli chaji yoyote ya ziada.

GPS ina gharama yake. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, mawimbi yanafika hafifu mno, na kipokezi kisichosaidiwa na mtandao huhitaji nusu dakika au zaidi kusoma taarifa za setilaiti hizo. Mafundi hubana matumizi kwa kuiwasha pale tu kitambua mwendo kinapoonyesha kuwa mtu anatembea. Aliyelala kitandani aulizwe yuko wapi, ya nini?

Zanzibar ilitumia njia ya minara. Watafiti, akiwemo Andrew Tatem, walichambua kumbukumbu za kampuni ya simu ya Zantel za Oktoba hadi Desemba 2008, za wateja 770,369 waliofichwa majina, ili kujua malaria huingiaje visiwani. Wengi hawakutoka kabisa; waliosafiri, wengi wao walikwenda Dar es Salaam kwa siku chache. Betri ya mteja haikuguswa, na kwa swali lile, kujua eneo tu kulitosha.

Ziwani hakutoshi. Mnara wa mtandao wa simu wa GSM hukadiria umbali kwa hatua za mita 550 hivi, na ukomo wake wa kawaida ni kilomita 35. Mvuvi wa dagaa aliyekumbwa na dhoruba usiku hawezi kutafutwa kwa jibu la "yuko mahali fulani mbele ya Kigoma". Huyo anahitaji GPS, betri iishe isiishe.

Baadhi ya wahitimu hawa watakabidhiwa kazini kumbukumbu kama zile za Zantel. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu, na kufuta majina hakumalizi kazi. Mwaka 2013, Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza safari za watu milioni 1.5 wakaona kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 yao. Kwa Katonga, ambako kila mtu anajua nani ameingia ziwani usiku upi, pengine mbili zingetosha.