UTATU: SI WAKRISTO WOTE WANAOUAMINI



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu kijana, maneno haya niliyasema mbele ya wenzako jioni moja ya Ramadhan, tukingoja adhana ya Maghrib. Nimeombwa niyaandike ili nawe ambaye hukuwako uyapate. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa wa rika lako nilipenda sana mihadhara. Nilikuwa na daftari langu, nimeandika aya za Biblia na namba zake, na zote nimezihifadhi barabara. Asubuhi moja ya Jumamosi mlango ukabishwa. Kufungua, namwona mzee mmoja na kijana wake, wamefunga tai, mkobani mna vijarida. Hata sikuwangoja waseme. Nikawashukia: vipi Mungu awe mmoja na papo hapo awe watatu? Aya hii, aya ile, dakika kumi nzima! Yule mzee alingoja nimalize, kisha akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, sisi ni Mashahidi wa Yehova. Huo Utatu hata sisi hatuuamini."

Wallahi nilibaki mdomo wazi. Walipoondoka, mamangu akatoka jikoni akaniambia, "Mwanangu, umemjibu mtu ambaye hakuwako hapa mlangoni."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nisome. Hebu nawe nifuate kidogo.

Mabishano yalianzia Iskandaria

Mwanzoni mwa karne ya nne, katika mji wa Iskandaria huko Misri, palikuwa na kasisi akiitwa Arius. Yeye alifundisha kuwa Baba peke yake ndiye asiye na mwanzo, na kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya viumbe vingine vyote. Askofu wake, Alexander, alimpinga. Ugomvi ukaenea hadi mfalme wa Kirumi, Constantine, akawaita maaskofu wakutane katika mji wa Nikea, ambao leo uko Uturuki. Hiyo ilikuwa mwaka 325. Mkutano ukaamua kuwa Mwana ana asili moja na Baba, na Arius akahamishwa. Mwaka 381 mkutano wa Konstantinopoli ukathibitisha hayo na ukaongeza maneno kuhusu Roho Mtakatifu.

Hapa nikuonye kidogo. Utasikia kwenye mihadhara kwamba Nikea ndiko vilikochaguliwa vitabu vya Biblia. Sivyo. Ubishi mkubwa wa Nikea ulikuwa juu ya Mwana. Ukilisema jambo hili mbele ya mtu aliyesoma, atakukamata hapo hapo, na lile la kweli utakalosema baadaye hataliamini.

Wafuasi wa Arius hawakumalizika kwa siku moja. Makabila ya Wagothi na Wavandali yaliishika imani ya namna hiyo kwa miaka mingi baada ya Nikea, na Wavandali walitawala Afrika ya Kaskazini wakiwa nayo.

Waliochomwa na waliofungwa

Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Mhispania mmoja, tabibu, jina lake Michael Servetus, akaandika kitabu mwaka 1531 kuupinga Utatu. Huyu ndiye aliyeeleza huko Ulaya jinsi damu inavyopita kwenye mapafu, jambo ambalo tabibu wetu Ibn al-Nafis alikuwa amekwisha kuliandika katika karne ya 13. Wakatoliki walimhukumu, akatoroka, akakamatwa Geneva, mji wa Waprotestanti. Tarehe 27 Oktoba 1553 akachomwa moto akiwa hai. Inasimuliwa kuwa hata ndani ya moto alimwita Yesu Mwana wa Mungu, lakini sifa ya umilele alimpa Mungu peke yake, Mwana hakumpa. Neno hilo moja tu ndilo lililobishaniwa.

Huko Transilvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, mambo yalikuwa afadhali kwa muda. Nchi hiyo ilikuwa chini ya himaya ya Dola ya Uthmaniya, na mfalme wake, John Sigismund, alimsikiliza mhubiri Ferenc Dávid aliyefundisha kuwa Mungu ni mmoja, hana nafsi tatu. Mwaka 1568 baraza lililokutana Torda likapitisha kwamba mhubiri ahubiri kama anavyoifahamu Injili, na asiadhibiwe kwa ajili ya mafundisho yake. Mfalme alipofariki, upepo ukageuka. Dávid alishtakiwa kwa kufundisha kuwa Yesu asiombwe dua, akatiwa gerezani, na humo akafa mwaka 1579. Lakini kanisa lake, la Waunitaria, lipo Romania na Hungaria mpaka leo.

Nako Uingereza, mtu wa mwisho kuchomwa moto kwa uzushi wa dini, Edward Wightman, mwaka 1612, alikuwa akiukana Utatu. Ilikuwa mpaka 1813 ndipo sheria ya kuwaadhibu wenye kuukana ilipoondolewa. Hata Isaac Newton, yule tunayemsoma kwenye fizikia, hakuuamini, lakini aliificha imani yake kwa kuogopa.

Walioko leo

Sasa turudi mtaani. Mashahidi wa Yehova, ambao asili yao ni Marekani katika miaka ya 1870, wanasema Mungu ni mmoja, Yehova, na Yesu ni kiumbe chake cha kwanza. Roho Mtakatifu kwao ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi, si nafsi. Wakristadelfia nao wanaukataa Utatu.

Wako pia Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake. Mafundisho yao yalianza kuenea Marekani baada ya mwaka 1913. Nao hawaamini nafsi tatu. Lakini ngoja usishangilie! Wao wanasema huyo Mungu mmoja ndiye Yesu mwenyewe.

Usimvike mtu kanzu isiyo yake

Hapa ndipo vijana wengi hukosea mara ya pili. Akishasikia Arius au Servetus, anaruka, "Takbir! Kumbe walikuwa Waislamu!" Taratibu, ndugu yangu. Arius aliamini kuwa ulimwengu uliumbwa kupitia kwa Mwana. Shahidi wa Yehova anaamini kuwa Yesu alikufa awe fidia ya dhambi za watu. Sisi tunasema Nabii Isa (A.S.) ni mja wa Allah na Mtume wake, na wala hakusulubiwa. Kukubaliana katika jambo moja si kukubaliana katika yote. Ukimpachika mtu imani ambayo si yake, hata kama ni kwa kumsifu, umemsingizia.

Na huyu jirani yako Mkatoliki au Muanglikana naye umtendee haki. Yeye hasemi ana miungu watatu. Husema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Sisi hilo hatulikubali, na Surat An-Nisaa aya ya 171 imelikataza waziwazi. Lakini unapolikataa, likatae kama alivyolisema yeye, si kama ulivyomtungia wewe.

Qur'ani imetufundisha katika Surat Aal-Imran aya ya 113 kuwa Watu wa Kitabu si wa namna moja. Katika Surat Al-Ankabut aya ya 46 tumeamrishwa tujadiliane nao kwa njia iliyo bora. Je, itakuwaje bora na wewe hujui unajadiliana na nani?

Basi nakuusia mambo matatu. Kwanza, uliza kabla ya kujibu: "Wewe mwenzangu, unaamini nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Pili, usinukuu jambo la historia ambalo hujalihakikisha. Tatu, kumbuka yule aliyechomwa Geneva. Walimchoma watu waliokuwa na yakini kuwa wanamtetea Mungu. Surat Al-Baqara aya ya 256 imekataza kulazimishana katika dini, na ulimi nao unaweza kulazimisha, tena ukachoma.

Tumo katika mwezi wa saumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Nami naona uongo juu ya dini ya jirani ni katika huo.

Yule mzee sikumwona tena. Ningemwona, ningemkaribisha kiti, kisha ningemuuliza swali moja tu, na kumwachia yeye hizo dakika kumi.

Allah atukubalie funga zetu na atuongoze katika haki. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.