Ukitoka Njoro, Mlima Huanza kwa Mteremko

Siku hizi wikendi haipiti bila kukutana na kundi lililobeba maji mgongoni, safari ni kreta ya Menengai. Na katika kila kundi hawakosi wawili wanaotambiana tangu kupambazuke. “Leo utakula vumbi langu!” “Nani, wewe? Wewe utarudi na boda!” Wapo wanaoona huo ni utoto. Mimi naona hao wawili ndio wenye nafasi kubwa ya kufika, mradi njia isiwahadae.

Na njia ya anayetoka Njoro kwa miguu inahadaa kweli. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Menengai, pale juu kabisa, ni mita 2,278. Ukisikia hesabu hiyo utadhani ni mwendo wa kunyoosha miguu tu. Lakini katikati kuna mji wa Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi. Kwa hiyo unaanza kwa kushuka, karibu kilomita 20, unapita Ngata lilipo lile kasri la Lord Egerton, mtu aliyejijengea jumba zima na kufa bila mke wa kuishi naye humo, halafu ndipo uupande ukingo wa kreta, mita zaidi ya 400 kwenda juu, miguu ikiwa tayari imechoka.

Mteremkoni ndiko watani wanakomalizana. Kushuka ni kutamu, kila mmoja anakaza mwendo amwache mwenzake, kumbe misuli ya mapaja ndiyo breki, na inafanya kazi kila unapokanyaga. Mkishafika mtaa wa Milimani pale Nakuru na kuanza kupanda, aliyekuwa mbele tangu asubuhi ndiye anayetafuta jiwe la kukalia. Maumivu yenyewe yanamsubiri kesho yake, akitaka kushuka ngazi.

Je, utani huo uachwe? La hasha. Mkumbuke Paul Tergat, mwana wa Baringo, jirani zetu hapa. Mwaka 2000 kwenye Olimpiki kule Sydney, fainali ya mita 10,000, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09. Pengo hilo lilikuwa dogo kuliko lile lililoamua fainali ya mita 100 katika michezo hiyo hiyo! Miaka mitatu baadaye, Tergat alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake, kwa sekunde moja tu, alikuwa Mkenya mwenzake Sammy Korir, ambaye kazi aliyopewa ilikuwa kumwekea kasi. Korir alikataa kuachwa. Nao wote wawili, si mshindi peke yake, walimaliza chini ya rekodi ya zamani. Naye Haile alipoivunja rekodi ya Tergat mwaka 2007, pale pale Berlin, alimwomba radhi rafiki yake. Kushindana kwa namna hiyo hakuna chuki.

Lakini angalia: Korir alimsaidia Tergat kwa sababu alikuwa ubavuni pake. Mshindani aliye kilomita mbili mbele hakusukumi, anakukatisha tamaa tu. Ndiyo maana mimi sina hamu na hizi programu za simu zinazompanga mtu wa Njoro na mtu wa Mombasa kwenye orodha moja. Huyu amezaliwa kwenye hewa nyepesi, yule amepanda matatu jana usiku kutoka pwani, mapafu bado yanauliza kulikoni. Hapo nani amemshinda nani?

Basi wewe unayejiandaa kwa Jumamosi ijayo, chagua mtani wa kiwango chako, si yule mkimbiaji wa chuo. Kubalianeni kabla ya kuondoka mtasubiriana wapi: njia panda ya Njoro, kisha Milimani, kisha ukingoni. Mteremkoni hakuna kushindana. Wekeni mchezo wenu kwenye ule mlima wa mwisho, na anayefika wa pili ndiye anunue chai mkirudi mjini. Na maji bebeni ya kutosha, juu kule jua ni kali.