Dubai: Hati ya bei ya kuazima na hasara ya fundi wa viyoyozi

Katika mtaa wa kale wa Al Fahidi, kando ya khori ya Dubai, zingali zimesimama nyumba zenye minara ya upepo, ambayo wenyeji huiita barjeel. Kabla ya umeme kuenea, minara hiyo ndiyo iliyonasa upepo wa juu na kuushusha vyumbani. Dari za nyumba nyingi za zamani katika Ghuba zilibebwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, zikiwemo za Lamu na delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kipimo hicho fundi alikikuta tayari. Mengine yote aliyapima mwenyewe, kwa kutazama kiwanja, upepo na idadi ya watu watakaolala humo.

Leo, msikilizaji, kazi ya minara hiyo imechukuliwa na viyoyozi, na kipimo kilichokwisha kuwekwa kimehamia kwenye kompyuta. Huko ndiko kinakokaa kiolezo cha hati ya bei, au kotesheni kama wengi wanavyoiita: karatasi iliyoandikwa tayari majina ya vifaa, saa za kazi, bei na masharti, ikisubiri jina la mteja tu. Kwa mkandarasi mdogo mwenye mafundi wachache, kiolezo ni msaada mkubwa. Wakati wa kiangazi joto linapopita nyuzi 40 na simu zikilia tangu alfajiri, hana nafasi ya kuandika kila hati upya. Lakini kiolezo hicho hicho kinaweza kumfilisi asipokirekebisha kulingana na kazi iliyo mbele yake.

Jambo la kwanza ni joto lenyewe. Kwa viwango vya kimataifa vya ISO, uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa kawaida hewa ya nje ikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi. Kwa nchi zenye joto kali kipo kipimo kingine, cha nyuzi 46. Kadiri joto la nje linavyopanda, ndivyo mashine ileile inavyotoa ubaridi mdogo zaidi na kula umeme mwingi zaidi. Kiolezo kilichotungwa Ulaya kinaweza kuonyesha kwamba mashine ya tani moja na nusu, yaani Btu 18,000 kwa saa, inakitosha chumba fulani. Chumba hicho kikiwa Dubai, chenye dirisha kubwa linaloelekea magharibi, mteja atalipa fedha zake na kuendelea kutoka jasho mwezi wa Agosti. Atakayelaumiwa ni fundi aliyeifunga mashine, wala si karatasi.

Jambo la pili ni aina ya jengo. Nyumba ya kifahari ya Jumeirah yenye viyoyozi vyake juu ya dari haifanani na fleti katika ghorofa ndefu inayopokea maji baridi kutoka kwenye mtambo wa pamoja wa kupooza mtaa mzima. Katika fleti ya namna hiyo hakuna kompresa ya kubadilishwa wala gesi ya kujazwa. Kazi iko kwenye feni, vali, vichujio na koili ya maji. Zaidi ya hayo, huenda uongozi wa jengo ukadai kibali kabla ya fundi kuingia, na kupanga saa za kutumia lifti ya mizigo. Ndiyo maana mkandarasi mwangalifu huwa na violezo kadhaa: kimoja cha nyumba, kimoja cha fleti, kimoja cha duka au mkahawa, na kingine cha matengenezo ya mwaka. Kila kimoja huwa na vifungu vyake, na kile kisichohusika hufutwa kabla hati haijatumwa.

La tatu ni saa za kazi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Kazi ya juu ya paa ambayo mwezi wa Januari humalizika kwa siku moja, mwezi wa Julai yaweza kuchukua siku mbili. Ikiwa kiolezo kimeandika siku moja, siku ya pili italipwa kutoka kwenye faida ya mkandarasi, au, vibaya zaidi, kutoka kwenye mapumziko ya kijana aliyetoka Mombasa au Kampala kutafuta riziki.

La nne ni hesabu. Tuseme gharama zote za kazi ni dirham 8,000, na mkandarasi anataka faida ya asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Akiongeza tu asilimia 20 juu ya gharama, atapata 9,600, na faida yake itakuwa chini kidogo ya asilimia 17 ya bei hiyo. Ili aipate asilimia 20 kamili, lazima agawe 8,000 kwa 0.8, apate 10,000. Kosa hilo moja lililofichika ndani ya kiolezo humla dirham 400 kila kazi. Kisha ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Januari 2018. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, bei isiyotaja kodi huhesabiwa kuwa kodi imo ndani yake. Kwa hiyo katika zile 10,000, karibu 476 si zake.

Mwisho ni yale yasiyomo kwenye bei: kuziba dari iliyotobolewa, kukodi kreni, kuongeza nguvu ya umeme. Yasipoandikwa, mteja ana haki ya kudhani yamo.

Dawa ya haya yote haihitaji programu ya gharama kubwa. Kiolezo mama hufungwa kisiguswe, na kila kazi hutengenezewa nakala yake, ili jina la mteja wa jana lisije likatokea kwenye hati ya leo. Fundi aliyekwenda kupima hupewa nafasi ya kuandika alichokiona. Na kazi ikiisha, saa zilizokadiriwa hulinganishwa na zilizotumika, kisha kiolezo husahihishwa.

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hati ya bei nayo ni vivyo hivyo: haina budi kupimwa upya kwa mwili wa atakayeivaa.