Kabla ya Kupanda Basi la Mombasa

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya maisha ya Mombasa, kwa kuwa tulikaa huko miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani.

Mji una faida, hatukatai. Bandari ya Kilindini inalisha wengi: makuli, madereva, mama wa kuuza chakula. Karo ya watoto wetu ilitoka huko. Hospitali kubwa iko karibu, na mwenye ufundi hakai sana bila kibarua.

Lakini kila kitu ni pesa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333, na maji yao mengi hutoka mbali, Mzima na Baricho. Mfereji ukikauka, unanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Joto nalo, jameni! Januari hadi Machi chumba cha mabati hakilaliki. Tulikuwa tukitandika mkeka nje hadi usiku wa manane. Mtoto mchanga akitoka vipele, mama halali.

Kosa letu lilikuwa moja: tulituma pesa nyumbani bila kupanga na yeyote, zikaliwa tu. Tuliporudi, shamba lilikuwa kichaka.

Kwa hivyo kijana akitaka kwenda, msimzuie. Kaeni naye chini, andikeni kodi ya nyumba, maji, nauli na chakula. Kisha mkubaliane kiasi atakachoweka kwa kikundi kila mwezi, na ni cha kazi gani. Hapo akirudi atakuta kitu.